Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Bamvu

Mimi ni mtu wa ziwa. Nimezaliwa Ukerewe, na kwetu maji ukiyaacha mbele ya nyumba asubuhi, jioni unayakuta palepale. Mwaka wa mvua nyingi yatapanda, mwaka wa ukame yatashuka, lakini hayaondoki nyumbani kwenda kutembea. Natanguliza hili ili usinicheke sana ukisikia yaliyonikuta Desemba 2023 nilipokodi nyumba ya ufukweni Unguja.

Mwaka ule nilikuwa nimewaahidi wanangu bahari. Nikaingia kwenye mtandao mmoja wa kukodi nyumba, nikaandika Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, nikachagua: ufukweni, vyumba viwili, jiko. Picha zilinimaliza. Maji ya rangi ile ambayo hata jina lake huna, yamefika mpaka kwenye ngazi za nyumba, na kitanda cha kamba kimening'inizwa kwenye minazi miwili. Nikalipa usiku tatu, tarehe 26 hadi 29. Tulifika giza linaingia, tukasikia mawimbi kwa mbali, tukalala na furaha zetu.

Asubuhi saa tatu na nusu wanangu walitoka na maboya. Hazikupita dakika mbili wamerudi mbio.

"Baba, bahari hamna."

Nikatoka kuwagombeza. Kweli, haikuwepo. Kulikuwa na mchanga, halafu mchanga, halafu vidimbwi, halafu kijana anapita na baiskeli mahali ambapo kwenye picha palikuwa na maji. Mbali kabisa, kama mstari wa chaki, ndiko mawimbi yalikokuwa yanavunjikia mwambani. Tulitembea kuelekea kule mpaka mdogo akaomba kubebwa, na maji yalikuwa bado hayajatufika magotini. Tukarudi, jua likatuchoma, mchana tukakodi gari tukaenda Jozani kuangalia kima punju. Kesho yake asubuhi hali ni ileile, mchana tukaenda mjini, jioni tukala urojo Forodhani. Tarehe 29 tunafunga mabegi, kijana anayeangalia nyumba akatuuliza kwa mshangao mbona hatukuoga hata siku moja. "Jana jioni," akasema, akionyesha ngazi ya tatu kwa kidole cha mguu, "maji yalikuwa hapa."

Jana jioni sisi tulikuwa kwenye foleni ya urojo.

Nyumba haikuwa na kosa lolote, wala picha hazikudanganya. Aliyedanganyika ni mtu wa ziwa. Nilirudi kazini Dodoma nikamsimulia mwenzangu wa ofisini ambaye ni Mmakunduchi, mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafungua kalenda ya simu, akatazama mwezi, akasema, "Bwana wee, mlikwenda bamvu. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27."

Alichonifundisha siku ile juu ya karatasi ya nyuma ya fomu ya likizo, kila mtoto wa pwani anakijua kama sisi tunavyojua siku ya gulio. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama, bahari inajaa sana na inakupwa sana. Hilo ndilo bamvu. Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo ni maji mafu. Mpaka hapo hata mimi nilikuwa nimewahi kusikia shuleni. Kilichonifungua macho ni saa. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa kuelekea saa nne na kushuka kuelekea saa kumi. Katikati ya hapo yanachelewa kidogo kila siku mpaka yamalize mzunguko wa wiki mbili na kurudi pale yalipoanzia.

Maana yake ni kwamba ukijua tarehe, unajua saa ya kuoga. Hakuna haja ya kubahatisha. Nyumba ya "ufukweni" upande wa mashariki wa Unguja ni ya ufukweni nusu siku tu. Nusu nyingine ni nyumba ya uwanjani. Na hakuna tangazo lolote la nyumba nililowahi kusoma lililoandika hivyo.

Basi mwaka 2025 mama yangu alikuwa anatimiza miaka 70, na hakuwahi kuiona bahari. Dada yangu wa Mwanza, ambaye mama anaishi naye siku hizi, akasema tumpeleke. Tukahesabu vichwa: mama, mimi, mke wangu na wawili wetu, dada, shemeji na wawili wao. Tisa. Likizo ya shule ni Juni. Kazi ya kutafuta nyumba nikapewa mimi, na mke wangu akaongeza, mbele ya wote kwenye simu, "Safari hii utafute yenye maji."

Wazo la kwanza lilikuwa tusivuke bahari kabisa, tubaki Kigamboni. Nilikataa mimi. Mwaka 2021 nililipa laki mbili za kutanguliza kwa nyumba ya huko niliyoiona kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni. Ina bwawa, ina bustani, mwenye nyumba ana lugha tamu na ananiita "kiongozi". Tulipofika, namba ikawa haipatikani na pale tulipoelekezwa palikuwa na msingi wa nyumba na rundo la kokoto. Mlinzi wa jirani alituambia sisi ni familia ya tatu mwezi ule. Baadaye nikaziingiza zile picha kwenye Google Lens, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kutuma hela lingenichukua sekunde kumi, na lile bwawa likatokea kwenye tangazo la nyumba ya Thailand. Tangu siku hiyo sitoi hata shilingi kabla picha hazijapitia hapo.

Kaskazini mwa Unguja, Nungwi na Kendwa, ndiko wengi wanakokimbilia kwa sababu kule maji hayakimbii mbali hivyo. Unaoga karibu saa yoyote. Nilipekua. Kwa watu tisa, bei za kule zingenirudisha Dodoma kwa miguu. Halafu mama si mtu wa muziki usiku. Nikarudi mashariki, safari hii Jambiani, kijiji kirefu kilichojipanga kando ya bahari kusini mwa Paje, ambako bado watu ni wengi kuliko hoteli.

Hapo likaibuka suala la boti. Mama alisema hapandi. Hatukubishana naye. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, kimetoka Bugolora siku ya gulio, wakafa watu zaidi ya 200. Mama alikuwa na watu wake mle. Tangu hapo maji anayoyavuka ni yale mafupi ya Rugezi kwenda Kisorya tu, tena akiwa amefumba macho na rozari mkononi. Kwa hiyo kabla sijatafuta hata chumba kimoja, bajeti ilishapunguzwa na tiketi mbili za ndege kutoka Dar es Salaam, yake na ya dada wa kumshika mkono. Dakika ishirini hivi angani. Wengine tungepanda boti. Nalisema kwa sababu watu hupanga bei ya nyumba kwanza kisha wakashangaa njia imekula chakula. Anza na mtu mgumu kuliko wote katika safari, umalize mambo yake, kinachobaki ndiyo hela ya nyumba.

Nikakaa wiki nzima usiku usiku na simu. Nikagundua wauza nyumba wana maneno matatu na hayafanani. Kuna nyumba ya ufukweni, hii ukitoka mlangoni unakanyaga mchanga. Kuna nyumba inayoona bahari, hii inaweza kuwa ghorofa ya pili nyuma ya nyumba za watu wengine wanne. Na kuna nyumba "hatua chache kutoka baharini", na hapo hatua zinategemea miguu ya aliyeandika. Mitandao mingi haikuonyeshi nyumba ilipo hasa mpaka ulipe. Inakuchorea duara tu kwenye ramani. Nilikuwa nafungua picha za setilaiti, natafuta paa linalofanana na la kwenye tangazo, nusu makuti nusu bati jekundu, kisha napima kwa jicho. Nyumba mbili zilizojiita za ufukweni nilizikuta ng'ambo ya barabara ya lami. Picha za setilaiti zina faida nyingine: kama zilipigwa maji yakiwa yamekupwa, unaona vijiviwanja vyeusi vimejipanga baharini kama mashamba ya mpunga. Ni mwani. Ukiuona, ujue hapo mbele ni kina kifupi na ni mahali pa watu kufanyia kazi, si bwawa lako.

Maoni ya wageni waliotangulia niliyasoma pia, ila mengi ni ya Wazungu wawili wawili waliofurahia utulivu. Mimi nilikuwa namtafuta mtu aliyekwenda na mama mkwe. Nilimpata mmoja tu, mtu wa Arusha kwa lugha yake, aliyeandika mstari mmoja: sufuria zipo mbili, na kubwa inatosha mayai sita. Nyumba ile nikaiacha hapohapo. Watu tisa wanaokula ugali hawaishi kwa sufuria ya mayai.

Mwishowe nyumba haikutoka mtandaoni. Yule mwenzangu Mmakunduchi alichoka kuniona nimeinamia simu, akasema kuna mzee Jambiani, zamani mvuvi, anasimamia nyumba ya familia fulani ya mjini. Tangazo lake lipo mtandaoni kwa dola 120 kwa usiku, lakini ukimpigia anaongea kibinadamu. Nikaitafuta nyumba ile mtandaoni nikaiona: vyumba vitatu chini, hakuna ghorofa, baraza refu linaloangalia bahari. Nikapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wasema."

Nikamweleza. Nikataka kumwonyesha kwamba sasa mimi si mshamba, nikasema, "Mzee, naomba siku za maji mafu, ili maji yasikimbie."

Kukawa kimya kidogo. "Maji mafu wayatakia nini? Hayendi, hayaji. Wanao watakaa wanatazama magoti yao." Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtandao uliowahi kuniuliza: "Mnakuja kuoga au mnakuja kutazama?"

Nikasema watoto kuoga, mama kutazama.

"Basi njoo bamvu. Asubuhi maji yakitoka, watoto wende wakacheze vidimbwini. Jioni yakija, waoge hapa mbele ya baraza, bibi yao akiwatazama. Ila mchana msende popote! Watu wanakuja huku, kisha saa ya maji wamo ndani ya gari wazunguka."

Nilihisi kama mtu aliyeonekana dirishani. Bamvu lilelile lililonitia aibu Paje ndilo lililokuwa jibu, ilimradi mtu awe nyumbani saa kumi.

Tukatazama kalenda. Mwezi mpevu ulikuwa Jumatano, tarehe 11 Juni. Na siku tuliyokuwa tunaongea ilikuwa Jumatatu, 26 Mei, mwezi unakaribia kuandama. Hapo nikapata akili ambayo naomba niisifie mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyeisifia: bahari hurudia hesabu yake kila baada ya wiki mbili hivi. Nitakachokiona kesho yake, tarehe 27 Mei, ndicho nitakachokikuta tarehe 11 Juni, kwa saa zilezile karibu. Nikamwomba mzee anipigie video mara mbili: saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Saa nne nilikuwa kwenye kikao, nikatoka nje. Mjukuu wake ndiye aliyeshika simu. "Maji yashakupwa, yatazame," mzee akasema kwa nyuma. Mchanga mtupu, ngalawa mbili zimelala ubavu. Nikamwomba mjukuu ageuze simu aonyeshe nyumba bila kuikata video, kutoka majini mpaka chumbani, mlango kwa mlango. Mtu mwenye picha za Thailand hawezi kufanya hivyo. Akanionyesha choo, akanionyesha jiko na sufuria, akanionyesha vitanda. Vilikuwa vitanda vya besera, vile virefu vya miguu ya kuchonga na chandarua juu, na mimi nikawaza magoti ya mama. Mzee akasema kipo kibago cha kupandia. Nikauliza habari ya maji ya bomba. Akasema bila kupepesa ni ya kisima na yana chumvi, ya kunywa mtanunua madumu. Nikauliza umeme, akanikumbusha kwamba umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na kwamba mwishoni mwa 2009 ulikatika ukarudi 2010, miezi kama mitatu gizani. "Tangu pale jenereta hatuiuzi," akasema.

Nilimpenda zaidi kwa ile chumvi. Mwenye nyumba anayekwambia ubaya kabla hujauona, huyo unaweza kumtumia hela.

Saa kumi simu ikaita tena. Pale penye ngalawa palikuwa bahari. Ngalawa zimesimama, zinatikisika. Nikauliza la mwisho, alilonifundisha Mmakunduchi wangu: maji yakijaa kabisa, mchanga unabaki? Maana nyumba nyingine za pwani hiyo siku za bamvu maji yanagonga ukuta, na ufukwe uliolipia unakuwa chini ya maji saa mbili tatu. Mjukuu akashuka ngazi akaonyesha. Ulikuwa umebaki mkanda kama upana wa barabara ya vumbi. Ulitutosha.

Bei tulielewana laki mbili na nusu kwa usiku, kwa usiku nne, tarehe 11 hadi 15. Milioni moja. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza sana lakini Juni mwanzoni bado wageni wa Julai na Agosti hawajamiminika, na mzee alipendelea watoto wa Kitanzania kuliko nyumba tupu. Hata hivyo 2021 haijanitoka. Niliomba picha ya leseni ya Kamisheni ya Utalii, nikaomba akaunti ya benki, na jina la kwenye akaunti likafanana na la kwenye leseni. Nikalipa nusu. Nusu nyingine mlangoni, tukishaingia. Tukaandikiana WhatsApp kila kitu kama watoto: tarehe, idadi ya watu, bei, na kwamba boti zisipoondoka kwa sababu ya upepo, siku zinasogezwa bila kulipa upya. Juni kusi imeshaingia, na kusi haina adabu. Mke wangu aliyasoma mapatano yale akasema hata mahari yake haikuandikiwa hivyo.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Wa Mwanza walikuja kwa basi mpaka Dodoma, wakalala kwetu sakafu nzima, kesho yake tukapanda treni ya SGR mpaka Dar. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi. Shemeji alikisahau ndani ya begi lililokuwa chini ya mabegi yote. Mama aliingia ndege akatulia, mpaka mhudumu alipoanza kueleza habari za vizibao vya kuokolea. Akamgeukia dada: "Mbona na hii ina maboya?" Dada anasema alimshika mkono dakika zote zile na akatoka na alama za kucha.

Tulifika Jambiani sote karibu saa kumi. Maji yamejaa. Sikusema neno, nilimtazama tu mke wangu, naye akaniitikia kwa kichwa, ndio, safari hii yapo.

Mama hakwenda kwenye maji. Aliketi barazani na kanga zake mbili, amejifunika moja kwa sababu ya upepo, akatazama. Watoto wanne walikuwa wanapiga kelele pale chini na yeye anawahesabu kwa midomo kila baada ya muda, moja, mbili, tatu, nne, kama anavyohesabu kuku. Halafu jua likazama nyuma yetu, nyuma ya minazi, na mbele yetu, baharini kabisa, kikatoka kitu chekundu. Mmoja wa watoto wa dada akasema meli inaungua. Ilikuwa mwezi. Hili mzee hakunitajia wala mimi sikulipangia: ukichukua nyumba inayotazama mashariki usiku wa mwezi mpevu, mwezi unatoka majini mbele ya baraza lako wakati chai inaiva. Hakuna aliyedai hela ya ziada.

Usiku ule mama alienda kusukutua, tukasikia anatema. Akatoka bafuni akiwa mkali. "Bahari mmeivuta mpaka kwenye bomba?"

Asubuhi maji yalipotoka, watoto walivaa yeboyebo, maana kwenye vidimbwi kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu na sitaki kusimulia mguu wa shemeji, ambaye alisema yeye ni mwanaume hahitaji viatu. Mama akawafuata taratibu kwenye mchanga mgumu. Nilimkuta amesimama na akina mama wa mwani. Kilimo kile cha kuuza kilianzia vijiji hivihivi, Paje na Jambiani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na bamvu ndiyo siku zao za shamba, maji yakiwa yamewapisha: vigingi viwili, kamba katikati, mwani umefungwa vifundo vifundo. Mama ameanika dagaa maisha yake yote. Waliongea saa nzima kuhusu kuanika. Jua la namna gani, mvua ikishtukiza unafanyaje, mnunuzi anayepima kwa mzani wake mwenyewe unamfanyaje. Mimi nilikuwa nimepanga kumpeleka mama kuona bahari, naye akaona watu wa kazi yake.

Chakula alikipika mke wa mzee siku mbili, wali wa nazi na pweza, na siku mbili tulipika wenyewe, kwa sababu mama alikuja na unga wa muhogo kilo tano na hakuna mtu angemzuia. Samaki changu mama alimsifia kwa heshima. Alisema ni mzuri lakini sato angemwonea huruma kwa miiba.

Yasiyopendeza yalikuwepo. Upepo ule unapuliza mchanga mpaka kwenye shuka. Siku ya tatu kusi ilisukuma majani ya bahari yakajaa mbele ya nyumba na yakanuka. Waifai iliyotajwa kwenye tangazo ilikuwepo kwenye kona moja ya jiko, ukisimama. Na kibago cha kitanda kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Mzee alikirekebisha mwenyewe asubuhi yake kwa kipande cha ubao wa ngalawa.

Siku ya mwisho jioni, maji yalikuwa yamechelewa mpaka karibu saa kumi na mbili, mama aliteremka ngazi. Hakuomba kushikwa. Akaingia mpaka magotini na kanga yake, akainama, akachota kwa kiganja, akaonja. Akatulia. Akachota tena kama mtu anayehakikisha mboga. Kisha akamwita mjukuu amletee chupa tupu ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, akaijaza, akaifunga kwa nguvu zote za mikono miwili.

Chupa ilipita kwenye begi la chini, imefungwa ndani ya kanga tatu. Ipo Mwanza juu ya kabati la vyombo. Kila anayekuja kumsalimia kutoka Ukerewe anapewa kijiko kimoja aonje, aamini. Juzi dada amenipigia kuniambia imebaki robo, na mama anauliza mwezi mpevu mwingine wa likizo ni lini.